Ua Lililomwekea Ndege Kiti

Haya ni maneno niliyoyasema Moshi, kwenye kikao cha waongoza watalii na wapagazi kabla msimu haujaanza. Karibu nusu ya walioalikwa walikuwa mlimani na wageni wao. Kwa ajili yao nimeyaweka yote hapa, pamoja na mizaha yake.

Ndugu zangu waongozaji, ndugu zangu wapagazi, wagumu wenyewe, hamjambo? Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na akaniomba nisifundishe. Mwenyekiti, mimi nimesomesha baiolojia miaka thelathini na moja. Kumwambia mwalimu mstaafu asifundishe ni kumwambia jogoo asiwike. Nitajitahidi, lakini sikuahidi kitu.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kuulizwa na mgeni jina la lile ua jekundu? Mnalijua. Mmetoka msituni, miti imekwisha, vichaka vimeanza, upepo umeanza kuuma masikio. Halafu pembeni ya njia, katikati ya nyasi, limesimama jekundu kama mtu kawasha kibiriti. Majani yake membamba, marefu, yamekaa wima kama panga. Mgeni anasimama, anatoa kamera, anakugeukia: hili ni ua gani? Nawe unajibu nini?

Nasikia huko nyuma kuna aliyesema "ua la mlimani". Haya, si uongo. Mgeni akikuuliza chakula hiki ni nini ukamwambia ni chakula cha mchana, hujadanganya pia.

Jina lake la kitaalamu ni Gladiolus watsonioides. Neno la kwanza ni la Kilatini, maana yake upanga mdogo, kwa sababu ya yale majani. La pili linasema tu kwamba linafanana na Watsonia, ua jingine la Afrika Kusini. Lenyewe ni la kwetu: Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Aberdare. Mgeni ametoka mbali sana kuliona, na sisi tunalipita na mizigo kichwani.

Ndugu zake mnawafahamu zaidi. Yale maua ya gladiola yanayopangwa kwenye vyombo ukumbini siku ya harusi, na kanisani siku ya msiba, ni ya ukoo huo huo. Hayo ya dukani yamechanganywa na wakulima wa Ulaya tangu karne ya 19, na mmoja wa wazazi waliotumika ni Gladiolus dalenii, ua la rangi ya machungwa linaloota porini kuanzia Afrika Kusini, likapita hapa kwetu, hadi Ethiopia na ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Kwa hiyo bwana harusi anaponunua gladiola kwa bei ile ya kutisha, ananunua shangazi yake aliyekwenda Ulaya akarudi na nguo mpya.

Lakini jina si kitu kigumu. Jina unalikariri jioni moja. Swali gumu, na ndilo lililonileta hapa, ni hili: kwa nini liko vile? Kwa nini jekundu? Kwa nini lina mrija mrefu uliopinda? Kwa nini ukilinusa husikii harufu yoyote?

Miaka mingi nilikuwa na jibu. Tena nililitoa kwa sauti kubwa. Niliwapandisha wanafunzi hadi juu kidogo ya Mandara, kile kituo cha kwanza cha kulala kwenye njia ya Marangu hapa Kilimanjaro, nikawapanga mbele ya ua hili, nikawaeleza uchavushaji kama ulivyo kwenye kitabu: nyuki anakuja, anafuata mbochi, yale maji matamu, chavua inamganda miguuni, anaipeleka ua la pili. Wanafunzi wanaandika. Mpagazi mmoja alikuwa amekaa kwenye jiwe, ametua mzigo, anatafuna muhogo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa adabu kabisa: "Shikamoo mwalimu. Samahani. Nyuki gani huyo apande baridi hii? Mimi hapa napita kila wiki, kwenye ua hilo namwona chozi tu."

Wanafunzi walicheka. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Usiku ule sikulala vizuri. Kijana yule hakuwa na shahada wala kitabu, alikuwa na macho tu, na alikuwa sahihi.

Chozi, si lile la kulia. Ni yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayemeremeta. Ukilitazama ua lile ukijua kwamba mgeni wake ni chozi, kila kitu kinajieleza. Wekundu: nyuki hauoni wekundu kama sisi, lakini ndege anauona toka mbali. Harufu: ndege anatafuta kwa macho, ya nini kujipulizia manukato? Mrija mrefu uliopinda: pima mdomo wa chozi, umepata jibu. Na baridi: asubuhi ya ukungu, mdudu amekufa ganzi kwenye jani, ndege ana joto lake mwenyewe mwilini na ana njaa tangu alfajiri.

Sasa tazameni linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu. Stameni zake, vile vijiti vyenye chavua, zimejipinda na kujibanza chini ya petali ya juu, kama watu waliojikinga mvua chini ya bati. Chozi anaingiza mdomo ndani ya mrija kufuata mbochi, na kichwa chake kinagonga pale juu. Chavua inamganda pajini. Yeye hana habari. Anakwenda kwenye ua jingine na unga usoni kama mpishi wa maandazi.

Na ua hili lina akili nyingine. Linaanza kwa kutoa chavua. Stigma, yaani ile sehemu ya kike inayopokea chavua, bado imefumba. Chavua ikishachukuliwa, ndipo stigma inafunguka. Leo baba, kesho mama, kwenye ua lile lile. Kwa nini? Ili lisijioe lenyewe. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapata kuona mwenyeji anayemhitaji mgeni kama ua la namna hii.

Jamani, mmea hautembei. Hauwezi kwenda kuposa kijiji cha pili. Unachoweza ni kukaa pale pale na kumwandalia anayepita. Nataka niwapeleke mbali kidogo, mwone mwenyeji mmoja aliyezidisha.

Twende Afrika Kusini, mkoa wa Cape, kwenye mchanga karibu na bahari. Huko jamii hii ya mimea, jamii ya airisi ambayo wataalamu huiita Iridaceae na ndiyo yenye gladiola, imejaa kuliko mahali pengine popote duniani. Kuna mmea mmoja unaitwa Babiana ringens. Babiana limetokana na neno la Kiholanzi la nyani, kwa sababu nyani hufukua matunguu yake wakala. Ringens ni aliyeachama kinywa, na ua lake kweli limeachama, jekundu, kama kinywa cha mnyama anayenguruma. Lakini wenyeji wa huko kwa lugha yao ya Kiafrikaans wanauita mkia wa panya. Mkia wa panya! Kwa nini?

Kwa sababu maua yake yako chini kabisa, yamegusa mchanga. Na katikati ya maua hayo kumechomoza kijiti kimoja, kikavu, kigumu, kimesimama wima peke yake. Juu yake hakuna ua. Hakuna jani. Ni kijiti tu, kama mkia wa panya aliyejizika kichwa chini.

Sasa fikirini kama wakulima. Mmea unatumia chakula chake kujenga kijiti kisicho na ua, kisicho na tunda, kisicho na jani la kukamata jua. Cha nini? Ungekuwa mfanyakazi wako ungemfukuza.

Mnakumbuka nilivyosema chozi? Kule Amerika kuna vindege wanaoning'inia hewani mbele ya ua, mabawa yanapiga usiyaone, wananyonya bila kushika kitu. Chozi wetu anaweza kidogo, lakini hapendi, anachoka. Yeye anataka kukaa, ashike tawi kwa miguu, ale kwa nafasi. Na maua haya yako mchangani. Akitua mchangani, nyoka yuko wapi? Paka pori yuko wapi? Mtu mwenye mkia mrefu, na dume la chozi wa kijani lina mkia mrefu kweli, hataki kula akiwa amekaa sakafuni huku anatazama mlango.

Kwa hiyo mmea ukamwekea kiti.

Ndege anatua juu ya kile kijiti, anakishika kwa kucha, anageuka kichwa chini miguu juu, anaingiza mdomo kwenye ua lililoachama. Na anapofanya hivyo kifua chake kinakaa sawasawa juu ya stameni na stigma. La kwetu linampaka pajini, lile linampaka kifuani. Kiti kimewekwa kwa hesabu.

Mtasema: mwalimu, hiyo ni hadithi nzuri, umejuaje kwamba kijiti ni kiti? Labda ni ajali tu. Swali zuri, na watu watatu walilichukua kama swali la kweli: Bruce Anderson, William Cole na Spencer Barrett. Walifanya jambo ambalo mtoto wa darasa la tano angeweza kulibuni. Walikata vijiti. Mimea mingine wakaikata mkia, mingine wakaiacha na mkia wake, kisha wakakaa kando wakawatazama ndege na kungoja mbegu. Mimea iliyonyang'anywa kiti ilipata mbegu pungufu sana, karibu nusu ya wenzake. Habari ikachapishwa mwaka 2005 kwenye jarida la Nature, kurasa mbili tu. Mimi napenda sana utafiti wa mkasi.

Lakini kisa hakijaisha. Upande wa mashariki wa eneo linakoota mmea huu, chozi hao hawaji sana. Watafiti waliporudi kupima, walikuta huko vijiti ni vifupi zaidi, na maua yamejizoeza kujichavusha yenyewe. Mnaona? Wageni wamepungua, mwenyeji ameacha kutengeneza viti. Nyumba bado ipo. Watu bado wanaishi. Ila sebule imefungwa.

Na huyo chozi wa kijani mwenye mkia mrefu, ninyi mnamjua! Ni ndege wa nyanda zetu za juu pia, Kenya na Tanzania. Huyo huyo, si binamu yake. Juu zaidi, kwenye malobelia, ile mimea mikubwa ya mlimani, mna ndugu yake mwenye vishungi vyekundu ubavuni, anayebeba jina la Johnston, yule Mwingereza aliyepanda mlima huu mwaka 1884. Kwa hiyo mkimweleza mgeni habari ya kiti cha Cape, mnaweza kumwonyesha mwenye kiti hapa hapa, anakula kwa majirani.

Si kila ndugu wa jamii hii anamngoja ndege. Kule kule Cape kuna gladiola mmoja, Gladiolus liliaceus, ambaye mchana ni wa rangi ya udongo, huna haja naye, na hana harufu. Jua likitua anabadilisha nguo. Rangi inageuka zambarau hafifu, na harufu kama ya karafuu inaanza kutoka. Mgeni wake ni nondo, na nondo hutembea usiku. Mchana hajipambi kwa sababu hakuna anayemngoja. Nimewahi kumweleza mke wangu habari hii, akaniuliza hao wanaume walioandika vitabu walikuwa wanashangaa nini.

Na kuna wengine wanaotoa malazi. Hili litawachekesha, ninyi mnaofahamu nyumba za wageni. Mashariki ya Kati, Palestina, Israeli, Yordani, kuna maua ya airisi makubwa ya rangi ya zambarau iliyoiva mpaka ikawa karibu nyeusi. Airisi mweusi wa Yordani ndilo ua la taifa lao. Hayana mbochi. Hakuna chakula, hata tone. Basi mgeni anafuata nini? Anafuata kitanda. Nyuki dume wa aina wanaoishi peke yao hawana mzinga wa kurudi jioni. Jua likizama wanatafuta pa kulala, wanaingia kwenye kishimo chenye giza katikati ya ua, wanalala humo. Wakati mwingine anajaribu ua hili, halimridhishi, anahamia la pili, kama msafiri anayekagua vyumba. Huku akihama, chavua inahama naye mgongoni. Kodi ya chumba imelipwa na mpangaji hajui.

Sasa nirudi nyumbani, tena jikoni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati, amekifungia kabatini pamoja na dhahabu yake. Ndani mna nyuzi nyekundu, kavu, nyembamba. Zafarani. Alizitoa kwa vidole viwili, kwa biriani la Idi, au fundi alipokuja kuandika kombe kwenye sahani nyeupe, maandishi yaoshwe kwa maji ya waridi, mgonjwa anywe. Mtoto akigusa kikopo kile, mnajua.

Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nilipogundua kwamba zafarani ni ya jamii hii hii. Zafarani na lile ua jekundu la juu ya Mandara ni mtu na nduguye! Na zile nyuzi ni nini? Ni stigma. Ile ile sehemu ya kike inayongoja mgeni alete chavua. Kila ua lina tatu tu, zinachumwa kwa mkono, moja moja. Kilo moja ya zafarani inataka maua zaidi ya laki moja. Bei ile si tamaa ya muuzaji, ingawa ule unga wa rangi wa kwenye vipakiti, huo ni tamaa ya muuzaji.

Na hapa pana jambo lililoniumiza nilipolielewa. Zafarani ni tasa. Vinasaba vyake viko kwa seti tatu badala ya mbili, havigawanyiki sawasawa, mbegu haiundwi. Nyuki anaweza kuja, akaingia, akatoka na chavua, akaipeleka kwa jirani. Hakitokei kitu. Ua linafunguka kila mwaka, linanyoosha nyuzi zake tatu nyekundu nje kama mtu anayetazama njia, na hakuna mgeni yeyote duniani anayeweza kulisaidia. Linaishi kwa sababu mkulima anafukua matunguu, anayatenganisha, anayapanda tena. Ndivyo imekuwa kwa maelfu ya miaka. Mkulima akiacha, zafarani imekwisha.

Lakini mama yake yupo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 ulimtafuta ukamkuta Ugiriki, kwenye ardhi inayouzunguka mji wa Athens: ua la porini liitwalo Crocus cartwrightianus. Dogo, zambarau, na nyuzi zake nyekundu kama za binti. Hilo bado linapokea nyuki, bado linatoa mbegu, bado linazaa watoto wasiofanana. Halimhitaji mtu.

Narudi mlimani, Mwenyekiti, naona unatazama saa.

Wengi wenu mlikuwepo Oktoba 2020, moto ulipounguza vichaka kule Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Wengine mlibeba maji na matawi kuuzima. Mmea wa jamii hii una tunguu lake chini ya udongo, kwa hiyo moto ukipita haraka juu, wenyewe huweza kuchipua tena. Mwenyeji amejificha chini ya kitanda. Mgeni je? Chozi anahitaji kichaka cha kutua, kiota cha kujenga, maua ya miezi mingine wakati haya hayajachanua. Mtu akiniuliza hali ya ua lile, mimi nauliza kwanza hali ya ndege.

Na la kuchuma sitalisema sana, sheria ya hifadhi mnaijua kuliko mimi. Mgeni akitaka kuchuma, msimwambie tu kwamba ni marufuku. Mwambieni akae chini dakika kumi. Hatua kama nane kutoka kwenye ua, kimya, mizigo imetuliwa. Mkiwa na bahati chozi atakuja. Hapo mtazame vitu viwili, na hili sasa ni ombi langu mimi mwenyewe, si la mgeni. Kwanza: ametua wapi? Kwenye shina la ua lenyewe, au kwenye kichaka cha jirani? Pili: ule unga umemshika wapi, pajini, kidevuni, au kooni? Andikeni saa, na mwinuko, simu zenu zinaonyesha. Kama ni nyuki, andikeni nyuki. Sitakasirika, nilishakosolewa mara moja kwenye njia hiyo hiyo na sikufa.

Magoti yangu hayapiti tena Mandara. Kile kikundi cha kesho kinaanza geti la Marangu saa ngapi? Saa tatu? Basi namba yangu anayo katibu. Mkishuka nipigieni, hata kama ni usiku.